Konstebo Analala Wapi?

Wasikilizaji, katika uchaguzi mkuu wa Agosti 2022, Kenya ilikuwa na vituo vya kupigia kura 46,229. Kila kimoja kilihitaji ulinzi tangu masanduku yalipofika hadi msimamizi alipotia sahihi fomu ya matokeo, na kwingine usiku kucha baada ya hapo. Huduma ya Taifa ya Polisi, kuanzia kwa Inspekta Jenerali hadi kwa kijana aliyemaliza mafunzo majuzi, ina maafisa wanaozidi laki moja kwa kiasi kidogo tu. Wakigawanywa wawili wawili kwenye vituo hivyo, karibu wote wamekwisha: hapabaki wa kukaa kwenye dawati la kuripotia, wa kushika doria mpakani, wa kulinda mahakama, wala wa kuwafuata wezi wa mifugo Samburu. Ndiyo maana askari wa magereza, wa misitu na wa wanyamapori waliitwa kusaidia, wakapewa mamlaka ya polisi kwa kipindi cha uchaguzi.

Wengi katika hao laki moja wana cheo cha chini kabisa, cha konstebo. Raia anapokwenda kuripoti kuwa ameibiwa, anapokelewa na konstebo. Matatu inaposimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, anayechungulia dirishani ni konstebo. Waandamanaji wanapofika mbele ya Bunge, walio mstari wa mbele wakiwa na ngao, rungu na bunduki ni makonstebo na makoplo. Wakuu huonekana kwenye runinga. Konstebo huonekana mlangoni.

Basi mahali anapolala, saa anazofanya kazi, mshahara anaopata na mtu anayemsikiliza akiwa na shida, vyote hivyo huingia katika namna anavyomtendea yule aliyesimama mbele yake. Hilo halimpunguzii lawama hata chembe afisa anayeua au kutesa. Mambo haya mawili yanapaswa kusemwa kwa sauti moja, na kwa bahati mbaya Kenya imezoea kuyasema kwa zamu: polisi wakizikwa baada ya shambulio, nchi inawahurumia, vijana wakizikwa baada ya maandamano, nchi inawalaani. Bajeti ikija, wote wamesahauliwa.

Kwanza, polisi ni akina nani? Kisheria ni Huduma moja yenye matawi matatu. Kuna Huduma ya Polisi ya Kenya, ambayo ndiyo yenye vituo, trafiki, kikosi cha kutuliza ghasia cha GSU, na polisi wa watalii na wa reli. Kuna Polisi wa Utawala, yaani AP, ambao siku hizi wamepewa zaidi ulinzi wa mipaka, mitambo muhimu na majengo ya serikali, pamoja na kupambana na wizi wa mifugo. Halafu kuna wapelelezi wa DCI, wenye makao yao Barabara ya Kiambu, Nairobi. Wote wako chini ya Inspekta Jenerali mmoja, anayehudumu kipindi kimoja cha miaka minne bila kurudia. Katiba ya 2010 inasema waziwazi kuwa hakuna mtu anayeweza kumwamuru afisa huyo amchunguze fulani au amwache fulani.

Kabla ya Katiba hiyo, mambo yalikuwa mengine. Polisi wa kawaida walikuwa na Kamishna wao, na AP walikuwa na kamanda wao, wakifanya kazi chini ya mkuu wa wilaya na chifu. Asili ya vikosi hivyo ni ya kikoloni na haijifichi. Sheria iliyowaunda polisi rasmi ilitungwa 1906, wakati kazi kubwa ilikuwa kulinda reli, maghala na mashamba ya walowezi. Waliokuja kuitwa AP mwaka 1958 walitokana na polisi wa kikabila wa 1929, waliomsaidia chifu kukusanya kodi na kukamata wenye kuikwepa. Bernard Hinga alipokuwa Mwafrika wa kwanza kushika ukamishna baada ya uhuru, aliyebadilika alikuwa bosi. Kambi zilibaki zilezile, kwata ilibaki ileile, na mwananchi akaendelea kutazamwa kama mtu wa kutulizwa.

Kauli mbiu ya polisi, iliyoandikwa kwenye nembo yao, ni Utumishi kwa Wote. Iliandikwa zamani, na kwa miaka mingi ilining'inia ukutani juu ya dawati ambako mwananchi aliogopa hata kuuliza swali.

Kilichoilazimisha nchi kujitazama ni damu ya 2007 na 2008. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi, na kati yao 405 walikufa kwa risasi. Katika nchi ambayo raia wachache sana humiliki bunduki, takwimu hiyo ilitosha kuonyesha zilikotoka risasi nyingi. Mwaka 2009 ikaundwa kamati ya mageuzi chini ya jaji mstaafu Philip Ransley. Kamati hiyo ilizunguka vituoni, ikazungumza na polisi wenyewe, ikatoa mapendekezo zaidi ya mia mbili. Sehemu kubwa ya Katiba inayohusu polisi, pamoja na sheria zilizofuata 2011, inatokana na kazi ile: Inspekta Jenerali mmoja, tume ya kiraia ya kusimamia ajira, vyeo na nidhamu, na IPOA, mamlaka huru ya kuchunguza polisi wanaoua au kujeruhi watu.

Ransley alikuta jambo lingine ambalo halikuhitaji katiba mpya, ila pesa na aibu kidogo: makazi.

Nyumba nyingi za polisi Kenya zilijengwa kwa ajili ya askari bachela wa enzi ya ukoloni, na kwingine ni vibanda vya mabati vya duara vilivyokusudiwa kutumika kwa muda tu. Vibanda hivyo vimezeeka pamoja na waliovihamia. Ndani yake mchana ni joto la kukaanga, na usiku, huko Limuru au Nyahururu, ni baridi ya kupenya mifupa. Idadi ya polisi ilipoongezeka bila nyumba kuongezeka, maafisa wawili wakaanza kugawana chumba kimoja. Wakaoa, wakapata watoto, na chumba kikabaki kilekile. Kinachotenganisha familia mbili ni shuka iliyofungwa kwenye kamba. Upande huu baba amerudi kutoka zamu ya usiku, anataka kulala. Upande ule watoto wa mwenzake wanajiandaa kwenda shule. Upande huu mke na mume wana jambo la kuzungumza. Upande ule kila neno linasikika. Watoto wanakua wakiwa wamesikia yote.

Hayo yameandikwa katika ripoti baada ya ripoti, yakapigwa picha, yakaonyeshwa kwenye taarifa za habari. Ni vigumu kueleza jinsi nchi ilivyoweza kumkabidhi mtu bunduki na mamlaka ya kumnyima mwenzake uhuru, huku ikimnyima yeye ukuta.

Septemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mabadiliko makubwa. Zaidi ya AP 24,000 walihamishiwa Huduma ya Polisi ya Kenya ili vituo visiendelee kuwa na wakuu wawili wanaovutana katika eneo moja. Sare mpya ya rangi ya buluu ilizinduliwa. Na polisi wakaambiwa kuwa sasa watapewa posho ya nyumba, watafute pa kupanga mitaani, waishi na raia kama walimu na wauguzi wanavyoishi.

Wazo lilikuwa na mantiki. Afisa anayenunua sukuma wiki kwenye kibanda kimoja na jirani zake, ambaye mtoto wake yuko darasa moja na wa mwenye duka, hana sababu ya kuwaona watu wa mtaa huo kama maadui. Lakini utekelezaji ulikuwa na haraka kuliko maandalizi. Posho ilipangwa kulingana na eneo na cheo, na konstebo wa mjini aligundua kuwa fedha ile haimfikishi kwenye nyumba yenye geti na mlinzi. Inamfikisha katika ploti ileile anamoishi kijana aliyemkamata mwezi uliopita. Wenye nyumba wengine wakasita kumpangisha, wakihofia kuwa siku moja majambazi watamfuata hapo. Na dharura ikitokea saa nane za usiku, mkuu wa kituo ambaye zamani alipuliza filimbi akapata watu ishirini nje ya vibanda, sasa anapiga simu kwa mmoja anayeishi Kayole, mwingine Rongai, mwingine Ruiru. Wengine walirudi kimyakimya kambini, wakapanga tena shuka zao.

Kabla ya kufika hapo kambini, konstebo ameshapitia mlango mwembamba wa kuajiriwa. Kiwango cha chini cha elimu ni alama ya D+ katika mtihani wa KCSE, lakini nchi yenye uhaba wa ajira huwaleta uwanjani vijana wenye diploma na hata shahada. Wanafika alfajiri. Wanavua viatu, wanapimwa urefu, wanakaguliwa meno na miguu, wanakimbizwa. Jioni, wachache wana barua za kwenda Kiganjo, Nyeri, au Embakasi, na maelfu wanarudi nyumbani kwa miguu. Zoezi zima la nchi huweza kumalizika kwa siku moja, na katika siku hiyo moja ndipo rushwa hupita. Familia zimeuza ng'ombe na kipande cha shamba ili mtoto apate barua.

Julai 2014 mambo yalikithiri. Vijana 10,000 walikuwa wamechaguliwa, lakini IPOA, iliyokuwa imetuma waangalizi wake viwanjani, ilikwenda mahakamani na ushahidi wa hongo na upendeleo. Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Isaac Lenaola, ikalifuta zoezi lote. Lilikuwa jambo la kishujaa kwa taasisi changa. Kisha, tarehe 2 Aprili 2015, magaidi wa Al-Shabaab wakavamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku hiyo Rais Kenyatta aliamuru wale 10,000 waripoti mafunzoni licha ya uamuzi wa mahakama, akisema nchi haiwezi kungoja. Kilio cha nchi kilikuwa halali, na uamuzi wa mahakama pia ulikuwa halali. Mwishowe agizo lile halikutekelezwa na uajiri ukarudiwa. Ukweli unaouma ni kwamba uhaba wa polisi siku ile ulichangiwa na rushwa ya wale waliopaswa kuwachagua kwa haki. Na anayenunua nafasi yake uwanjani huanza kazi akiwa na deni, na deni hilo atalilipia barabarani.

Hapo ndipo hadithi ya trafiki inapoanzia. Desemba 2013 tume ya huduma ya polisi, ikiongozwa na Johnston Kavuludi, ilianza kuwapiga msasa maafisa mmoja mmoja, ikianza na wakuu. Ilipowafikia trafiki, ilidai taarifa zao za M-Pesa. Nchi ikatazama makonstebo na makoplo wakiulizwa kwa nini laini zao za simu zilipokea na kutuma fedha nyingi kuliko mishahara yao, na kwa nini fedha hizo zilikuwa zikipanda juu, kwa wakubwa wao, karibu kila wiki. Majibu yalikuwa ya kila aina: biashara ya kuku, chama, mchango wa harusi. Lakini mkondo wa fedha ulionekana wazi. Noti inayokunjwa kwenye kiganja cha makanga haiishii kwa yule aliyeipokea. Baadhi waliachishwa kazi. Utaratibu wa kupeleka fedha juu, kwa maoni ya mtu yeyote anayepanda matatu, haukuachishwa.

Kazi za polisi zimeorodheshwa vizuri katika Sheria ya 2011. Ya kwanza kabisa ni kumsaidia mwananchi anapohitaji msaada. Kisha kudumisha amani, kulinda uhai na mali, kupeleleza makosa, kuzuia uhalifu, kukamata wahalifu. Kwa siku moja ya kawaida, hayo humaanisha konstebo anayeandika kwenye OB, lile daftari kubwa la matukio, kuwa kuku wameibwa, mume amempiga mke, mtoto hajaonekana tangu jana, bodaboda imegonga mtu. Atawapeleka mahabusu kortini, kwa kuwa Katiba inamtaka mtu aliyekamatwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 24. Wakati wa mitihani atasindikiza karatasi za KCSE hadi shule ya mbali. Kesho yake atalinda benki. Keshokutwa atatumwa kumlinda mheshimiwa, na huko atajikuta akibeba mkoba na kufungua mlango wa gari, huku kituo alichotoka kikiwa na mtu mmoja wa zamu ya usiku.

Zamu ya saa nane imo kwenye mipango. Kwenye vituo vingi, zamu ni saa kumi na mbili, na siku za maandamano au uchaguzi haina mwisho unaojulikana.

Aliyepigwa au kubakwa huhitaji fomu ya P3, ambayo daktari huijaza ili iwe ushahidi kortini. Fomu hiyo ni bure. Hata hivyo wanawake wengi wamerudishwa nyumbani kwa sababu fomu zimekwisha, au wameambiwa watoe fedha za kunakili. Akiomba gari limfuate mshukiwa, mlalamishi huambiwa aweke mafuta. Serikali imekuwa ikikodisha magari ya polisi kutoka kampuni binafsi tangu 2013, na magari mapya yameonekana. Lakini gari bila mafuta haliendi kokote. Konstebo anayemwomba mjane elfu moja ya dizeli huenda ni mla rushwa, na huenda anasema kweli kuwa tangi ni tupu. Mjane hana njia ya kutofautisha, na hapo ndipo imani inapokufa.

Upande wa kaskazini, kazi hii huua. Novemba 2012, kikosi kilichotumwa Bonde la Suguta, karibu na Baragoi, kufuatilia mifugo iliyoibwa, kiliingia katika mtego. Zaidi ya polisi 40 waliuawa. Wengi walikuwa vijana waliotoka mafunzoni muda mfupi tu, wakapelekwa katika ardhi wasiyoijua, kupambana na watu waliozaliwa humo. Oktoba 2019 maafisa 11 wa GSU waliuawa gari lao lilipokanyaga bomu la kutegwa barabarani huko Garissa. Machi 2025 magaidi walivamia kambi ya askari wa akiba katika kaunti hiyohiyo, wakawaua sita. Askari wa akiba ni wanakijiji waliopewa bunduki kulinda majirani zao. Malipo yao ni kidogo sana, na mazishi yao hayapati gwaride kubwa.

Anayenusurika hurudi kambini na anachokibeba kichwani. Desemba 2021, huko Kabete, Nairobi, afisa mmoja alimpiga risasi mkewe, akatoka nje akawapiga wengine waliokuwa karibu, kisha akajiua. Miaka ile habari za polisi wanaojiua au kuua wenzi wao zilikuwa zikija mara kwa mara mno kiasi cha kutosha kuwa onyo. Tume ya huduma ya polisi ikaanzisha kitengo cha ushauri nasaha, hatua nzuri iliyochelewa. Tatizo ni kwamba katika kambi, afisa anayeomba kuonana na mshauri huonekana dhaifu, na anaogopa kunyang'anywa silaha, kucheleweshewa cheo, kuhamishwa. Kwa hiyo hunyamaza, hunywa, na huripoti kazini.

Haya yote, wasikilizaji, hayawezi kuwa jibu kwa mama aliyempoteza mtoto. Agosti 2014, huko Kinango, Kwale, polisi waliingia katika nyumba ya watu usiku, wakamuua kwa risasi msichana wa miaka 14. Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani maafisa wawili. Ilikuwa mara ya kwanza uchunguzi wa IPOA kuzaa hukumu. Katikati ya mwaka huohuo wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao wa teksi walitoweka wakitoka mahakamani Mavoko. Mteja huyo alikuwa amelalamika dhidi ya afisa mmoja wa polisi. Waliwekwa katika seli ya kambi ya AP huko Syokimau, na wakili akafaulu kurusha nje kipande cha karatasi ya chooni alichokiandika kuomba msaada. Miili yao ilitolewa mtoni. Kesi ilichukua miaka sita. Februari 2023 afisa aliyekuwa kinara alihukumiwa kifo, na wenzake vifungo virefu. Waliomuua wakili hawakufanya hivyo kwa sababu ya vibanda vya mabati. Walifanya hivyo kwa sababu waliamini sare itawafunika.

Machi 2020, katika siku za mwanzo za marufuku ya kutoka nje usiku kwa ajili ya korona, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi. Juni 2025 mwalimu kijana aliyekamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni alifia katika Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi. Polisi walisema aligonga kichwa chake ukutani. Wapasuaji wa maiti wakakuta majeraha ambayo mtu hawezi kujitia mwenyewe.

Kuna tarehe moja inayobeba mkanganyiko wote huu: 25 Juni 2024. Siku hiyo polisi wa Kenya wapatao 400 walishuka uwanja wa ndege wa Port-au-Prince, Haiti, kuongoza ujumbe wa kimataifa wa kuwasaidia wananchi wa huko dhidi ya magenge. Saa hizohizo, katikati ya Nairobi, wenzao walikuwa wakiwafyatulia risasi vijana walioandamana dhidi ya Mswada wa Fedha na kuingia Bungeni. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya baadaye ilihesabu vifo 60 vilivyohusishwa na maandamano ya mwaka ule. Inspekta Jenerali Japhet Koome alijiuzulu Julai, na Septemba Douglas Kanja akaapishwa kushika nafasi hiyo. Huko Haiti, Februari 2025, afisa wa kwanza Mkenya aliuawa na magenge. Wote hao ni wa Huduma moja, walioapa kiapo kimoja. Wanaweza kufanya kazi kwa nidhamu na kwa ushujaa. Wanaweza pia kumwona kijana mwenye bendera na simu kama adui wa kivita. Tofauti kubwa hutoka kwa anayetoa amri, na kwa anayejua kama atawajibika.

Miezi saba kabla ya maandamano yale, jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilikuwa limemkabidhi Rais William Ruto ripoti yake. Jopo hilo, lililoteuliwa Desemba 2022 kuchunguza hali ya polisi, magereza na huduma ya vijana, lilipendekeza mishahara ya maafisa wa vyeo vya chini iongezwe kwa hadi asilimia 40. Awamu ya kwanza ya nyongeza ilitangazwa kuanza Julai 2024. Ni jambo jema, na lilistahili kufanywa zamani. Lakini mshahara peke yake haujengi nyumba za kambi ya Isiolo, wala haumwondoi mkuu anayengoja fedha za kila wiki kutoka barabarani.

Nani basi atamsemea konstebo? Hana chama. Sheria inakataza polisi kuunda au kujiunga na chama cha wafanyakazi, na Katiba yenyewe inaruhusu haki hiyo ibanwe kwa polisi na wanajeshi. Mwalimu ana KNUT, daktari ana KMPDU. Polisi huandika malalamiko mtandaoni kwa jina la bandia na kuomba asijulikane. Nchi haiwezi kuruhusu mgomo wa polisi, hilo linaeleweka. Lakini kati ya mgomo na ukimya kuna nafasi pana: ushirika unaotambuliwa, unaoweza kuketi na tume, kueleza kuhusu zamu, makazi na bima, na kujibiwa kwa maandishi. Afrika Kusini polisi wana chama kinachotambuliwa, POPCRU, huku mgomo ukiwa marufuku kwao.

Tume ya huduma ya polisi na ofisi ya Inspekta Jenerali nazo zimetumia nguvu nyingi kuvutana juu ya nani mwenye haki ya kuajiri na nani ashike orodha ya mishahara. Mvutano huo ulifika mahakamani tena 2025, wakati nchi ikisubiri kuajiri makonstebo wapya 10,000, zoezi lililofanyika hatimaye tarehe 17 Novemba. Wanawake miongoni mwa polisi bado hawajakaribia theluthi inayotakiwa na Katiba, ingawa Grace Kaindi alikuwa Naibu Inspekta Jenerali kuanzia 2013, na ingawa kila mwathiriwa wa ubakaji angependa kumkuta mwanamke kwenye dawati.

Vijana kama hao huapa na kupangiwa vituo. Sheria ya 2011 inakitambua kituo cha polisi kuwa ngazi ya msingi ya kumfikishia raia huduma, lakini fedha za mafuta, karatasi na chakula cha mahabusu hupangwa Nairobi na huteremka polepole, zikipungua njiani. Mkuu wa kituo asiye na bajeti hutafuta wahisani. Mfanyabiashara wa eneo hujaza tangi la Land Cruiser na kupaka rangi ukuta wa kituo. Siku mwanawe akikamatwa, hupiga simu moja tu, na konstebo huambiwa afungue seli. Bunge lililopitisha sheria hiyo ndilo linalogawa fedha kila Juni, na lina uwezo wa kukipa kila kituo fungu lake, lisomwe hadharani na kukaguliwa kama la shule.